Programu Tatu na Sauti ya Mama

Daktari alitueleza taratibu kwamba upasuaji ungeondoa uvimbe uliokuwa kooni mwa mama, na kwamba huenda sauti ingeondoka pamoja nao. Neno "huenda" alilitamka mara moja tu, halafu akaendelea kuzungumza kana kwamba hakulisema. Mama hakuuliza chochote. Tuliporudi mtaani kwetu Kware alisimama kila orofa kuvuta pumzi, na tulipofika mlangoni petu orofa ya nne akaniuliza kama unga uliobaki ungetosha ugali wa jioni.

Mimi ndiye niliyekasirika. Nilimkasirikia daktari, nikazikasirikia ngazi, nikaukasirikia hata huo unga. Mama alifagia ofisi za halmashauri ya jiji hadi akastaafu, lakini watu wa kwetu, wale waliotoka magharibi mwa nchi wakaja kupanga nyumba katika mitaa ya Pipeline, Huruma na Kayole, hawakumjua kwa ufagio. Walimjua kwa matanga. Mtu wao akifa, kabla hata hema halijafungwa katikati ya maghorofa, mmoja wao alikuwa ameshatumwa kuja kugonga mlango wetu. Mama ndiye aliyeanzisha wimbo wa kilio. Alilitaja jina la marehemu, akawataja jamaa zake mmoja mmoja, na baada ya kila jina aliacha nafasi ya watu kuitikia. Nimeona wanaume wazima, wabishi wa mtaa, wakikaa chini ghafla nafasi hiyo ilipofika.

Mimi napiga kinanda kanisani, na katikati ya wiki natengeneza midundo ya vijana wanaorap. Kazi zangu zote nilikuwa nikizirekodi kwa rafiki yangu mmoja wa Huruma, fundi wa sauti. Nyumbani nilikuwa na laptopu ya mtumba, maiki niliyoinunua sokoni Muthurwa, na spika mbili. Programu ya kurekodi sikuwa nayo. Mama angelazwa Jumatano kwa vipimo, arudi Ijumaa, akae nami wikendi, kisha Jumatatu arudi kupasuliwa. Kwa hiyo nilikuwa na siku tatu za kuchagua programu, na Jumamosi moja ya kuirekodi sauti yake kabla haijaondoka.

"Utarekodi tenzi za kanisani," mama alisema nilipomweleza.

"Tenzi kila mtu anaimba. Nataka ule wa matanga."

"Ule hauimbwi bila maiti."

"Ni mashine tu, Mama."

"Mashine ina masikio, baba. Si ndiyo sababu unaitaka?"

Mama huniita baba, kama kina mama wengi wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume, na anaponiita hivyo mjadala huwa umefungwa. Kweli, sikuwahi kumsikia akiuimba wimbo ule nyumbani, hata kuuguna akiosha vyombo. Lakini mimi ni mkaidi. Alipolazwa aliniachia simu yake, maana wodi si mahali pa kuacha simu, na ndani ya simu hiyo kulikuwa na kipande cha sauti ambacho mtu alimtumia baada ya matanga fulani ya Huruma. Mama alisikika akiimba wimbo wenyewe, mvua ikipiga hema, jenereta ikinguruma.

Nilimpigia fundi wa Huruma kumwomba ushauri.

"Budaa, usichague programu na ngoma mpya," akaniambia. "Tumia sauti unaijua. Iweke irudie, irudie, hadi uichoke. Hapo ndio utashika ni gani inakudanganya."

Sauti niliyoijua kuliko zote ilikuwa ya mama. Nikakitia kipande kile kwenye laptopu. Niliona si vizuri kulirudiarudia jina la marehemu, mama wa watu aliyekwisha kuzikwa, kwa hiyo nikalikata. Nikabakiza mwito wenyewe, nafasi tupu pale jina lilipokuwa, na kiitikio. Nilijiona mtu mwenye adabu sana kwa kufanya hivyo. Spika za masikioni zilikuwa zimekufa upande mmoja, na huwezi kupima sauti kwa sikio moja, basi nikaziwasha zile kubwa, zilizokaa dirishani. Huko Kware dirisha lako na la jirani yanatazamana kwa karibu kiasi cha kupitishiana chumvi.

Programu ya kwanza ilikuwa ya bure. Ilikuwa na rangi ya kijivu na sura ya fomu ya serikali, na ilichelewesha sauti kidogo, kiasi kwamba ukipiga kinanda kidole kilitangulia na noti ikafuata. Tena haikuwa na ubaguzi hata kidogo. Mvua, jenereta, mtu aliyekohoa, kiti kilichoburutwa, vyote iliviweka mbele sawa na mama. Niliichezesha Jumatano yote, nikaiandikia kwenye karatasi alama nne kwa kumi.

Ya pili, niliyoifungua usiku huo, ilikuwa ya kulipia, lakini walikuruhusu kuijaribu kwa mwezi mmoja. Hiyo ilikuwa na sura nzuri. Iliniomba niisikilizishe sekunde chache za kelele peke yake ili ijifunze nini cha kuondoa, nami nikaipa mvua na jenereta. Ilifanya kazi yake kwa bidii ya kutisha. Iliondoa mvua, ikaondoa jenereta, na kwa kuwa waitikiaji walikuwa mbali na simu, wakichanganyika na mvua, iliwaondoa nao. Akabaki mama peke yake. Aliita, halafu pakafuata kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali popote pa kweli, maana hata chumba kitupu kina pumzi yake. Kisha akaita tena. Nikaipa alama nane, nikaiacha izunguke ili nizoee.

Alhamisi asubuhi nilipoamka, ploti yetu, jengo zima la wapangaji, ilikuwa imenyamaza.

Anayekaa Kware ataelewa ninachosema. Kwetu kuna kinyozi chini ambaye spika yake hutikisa vikombe vyangu kabatini. Kuna redio kila mlango, watoto kwenye ngazi, na maji yakipiga ndoo tangu alfajiri. Siku hiyo kinyozi alinyoa bila muziki. Redio zilikuwa zimepunguzwa hadi zikawa minong'ono. Watoto walifukuzwa ngazini, nikamsikia mwanamke mmoja akiwaambia kwa sauti ya chini, "Nendeni mcheze kule, si hapa." Jirani wa dirisha la pili alipoona nimemtazama alivuta pazia polepole. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini mimi mjinga nilishukuru Mungu. Nilidhani bahati imenijia. Niliomba tu kimya hicho kidumu hadi Jumamosi.

Nilipotelemka kuchota maji, mama anayeuza chapati pale chini ya ngazi alinifungia chapati mbili kwenye gazeti na akakataa nilipe. Alinishika kifundo cha mkono akakaa nacho.

"Jikaze, baba," akasema.

Nilidhani anaongea kuhusu ugonjwa wa mama. Nikamwambia nimejikaza. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa kukodolea skrini siku nzima na usiku wake, na nilipopanda ngazi niliwasikia wanawake waliokuwa wakifua wakisimamisha mikono majini mpaka nikapita.

Mchana huo nilijaribu programu ya tatu. Hii haikukaa kwenye laptopu, ilifanya kazi kupitia mtandao na kula bando langu bila huruma. Walisema inaweza kujifunza sauti ya mtu kutoka kipande kifupi, kisha ukaiandikia maneno nayo ikayatamka kwa sauti hiyo. Niliipa kipande cha mama. Ikafikiri kwa muda. Kisanduku kikafunguka kunitaka niandike chochote. Niliandika kitu cha kwanza kilichonijia, maneno ambayo mama huniambia kila siku nikiingia mlangoni.

"Baba, umekula?"

Sauti ilitoka dirishani, nyuma ya kichwa changu. Ilikuwa yake kabisa, hata ule mkwaruzo mdogo wa uvimbe, na nyuma yake kwa mbali ilinyesha mvua ya Huruma.

"Ndiyo, Mama," nikajibu.

Nilijibu kabla sijajua nimejibu. Nikaufunga mfuniko wa laptopu, nikatoka nje kwenye ngazi na kukaa kwenye saruji mpaka saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika. Niliogopa, sisemi uongo. Nilikuwa mtu mzima aliyeogopa kuingia chumbani kwake mchana, jua likiwaka.

Hospitalini mama alikuwa mzima, anakunywa uji na kuukosoa. Alinipa nguo zake alizovaa siku ya kulazwa nikazifue. Nilirudi nazo kwenye mfuko wa karatasi, nikapita nazo mbele ya milango yote minne ya orofa yetu, nikazifua, nikalianika gauni lake kwenye kamba ya nje. Hakuna aliyenisemesha. Mama wa chapati alilitazama lile gauni, akafunika mdomo kwa leso.

Usiku ule shetani alinishauri vizuri. Kama programu ya tatu ingeweza kuuliza nimekula, ingeweza pia kuimba. Mama asingevunja mwiko wowote. Mashine ingeuimba wimbo wa matanga kwa sauti yake, nami ningekuwa nao maisha yangu yote. Ijumaa asubuhi niliipakia kazi hiyo. Iliniambia itachukua saa kadhaa na kwamba itanijulisha ikimaliza. Huku nikisubiri, nikarudi kwenye ile ya pili, nikaacha mama aite kwenye kile kimya chake tena na tena, nikirekebisha hiki na kile. Ningemfuata hospitalini saa tisa.

Ilipokaribia saa tano mlango uligongwa. Nilifungua nikakuta wanawake sita wamejifunika leso vichwani, mama wa chapati mbele. Mmoja alibeba sukari na majani ya chai, mwingine thermosi kubwa. Walivua viatu nje wakaviacha kwa mstari, wakaingia bila salamu, wakakaa sakafuni wakiegemea kuta. Mama wa chapati alinivuta kichwa akakilaza kifuani pake.

"Pole, baba," alisema. "Pole sana."

Ndipo wote sita wakaanza kulia.

Sikuuliza nani amekufa. Kwa nini ningeuliza? Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani na alikuwa hospitalini, na simu yake ilikuwa mfukoni mwangu mimi, kwa hiyo asingeweza kunipigia, na habari ingeweza kumfikia mtu mwingine kwanza. Nilifikiri muuguzi amempata mtu wa ploti. Nilifikiri uji, jana alikunywa uji. Nilikaa chini, nikalia kama sijawahi kulia tangu utoto. Wao walipoona ninavyolia wakapata hakika waliyokuwa wakiitafuta, wakazidisha. Hivyo ndivyo tulivyoaminishana kifo, wao na mimi, bila mtu hata mmoja kusema neno la uongo.

Hakuna aliyeizima laptopu. Mama aliita. Ule mwanya mtupu wa jina ukapita. Kisha ikaja nafasi ya kuitikia, ambayo programu ilikuwa imeifutia kila sauti iliyokuwamo, na wanawake wale sita wakaijaza. Si wote walijua lugha ya kwetu, lakini kiitikio cha matanga mtu hujifunza kwa kusikia, na kwa siku tatu hawakuwa wamesikia kingine. Mama aliita, wakaitikia. Aliita, wakaitikia. Nilikuwa katikati ya chumba nikimlilia mama yangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akituimbisha.

Sijui ilipita muda gani. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango alinyamaza katikati ya neno. Halafu aliyemfuata. Walinyamaza mmoja mmoja kuuzunguka ukuta hadi nikabaki mimi, nami nikainua macho.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, kitambulisho cha hospitali bado mkononi. Walikuwa wamemruhusu mapema na hakuona sababu ya kunisubiri. Alivitazama viatu. Alimtazama kila mwanamke, akanitazama mimi. Nyuma yangu sauti yake iliendelea kuita.

"Nani?" aliuliza.

Mama wa chapati alijisogeza kwa matako hadi akaugusa ukuta, akawa anasoma sala chini kwa chini.

"Zima," mama aliniambia. "Zima huyo."

Nilizima. Nikamweleza yote: programu, kurudiarudia, spika dirishani, nguo. Wanawake walisikiliza, na niliona aibu na faraja vikigombana nyusoni mwao. Mmoja alitaka kucheka akashindwa. Mama hakucheka. Alinikatiza nilipofikia lile la jina.

"Ulilikata?"

"Niliona si heshima kulirudia."

"Ukaacha mwanya."

"Ndiyo."

"Baba, wimbo huu hauachwi bila jina. Ukiacha mahali wazi, mtu huingia." Aliketi kwenye kiti chake taratibu, akashika koo. "Siku tatu unaita, na hujasema unamwita nani. Sasa watu wamekuja na sukari."

Nilimwomba msamaha. Alinipungia mkono, si kwa hasira. Alikuwa anafikiria, na nilimjua akifikiria: hutazama miguu yake. Mama wa chapati aliuliza kwa sauti ndogo kama waondoke.

"Kaeni," mama alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Kilio kilichoanza hakirudishwi mfukoni, lazima kiwe na mwenyewe. Mimi siko tayari. Lakini yuko mmoja anayeondoka Jumatatu, na hakuna aliyepanga kumlilia." Akanigeukia. "Washa ile ya kurekodi."

Sikuuliza ni ipi. Ile nzuri ya pili ilitaka nijaze jina la mradi, aina ya muziki, na mahali pa kuhifadhi. Nikafungua ile ya kijivu ya bure, ambayo haikuuliza kitu, nikaegesha maiki juu ya kopo la majani ya chai, nikabonyeza kitufe chekundu. Siku tatu za kupima na alama zangu kwenye karatasi ziliishia hapo.

Mama alijifunika leso kichwani na kuanza. Aliililia sauti yake kwa wimbo ule. Aliutaja kwa lugha ya kwetu ukoo wake wote: binti wa nyanya fulani aliyemfundisha, dada wa kikohozi, jirani wa moshi wa kuni, mgeni wa mahema ya Huruma na Kayole. Alitaja waliomsikia na sasa hawapo. Mwisho alisema ameacha mtoto mmoja, mpiga kinanda, asiyesikia anapokatazwa. Baada ya kila jina aliacha nafasi, na wanawake wakaitikia, wakilia sasa machozi mengine. Maji yalikuwa yakishuka kwenye bomba la ukutani. Ndege ilipita chini kuelekea uwanja wa Embakasi. Programu ilivichukua vyote. Alipomaliza alikohoa sana, akanywa maji, akauliza kama katika thermosi ile kuna chai au wamekuja nayo tupu.

Jumatatu alipasuliwa. Uvimbe ulitoka, na daktari hakulitumia tena lile neno "huenda".

Mama ni mzima. Anakwenda sokoni, anatelemka ngazi na kupanda, na anagombana na muuza nyanya kwa vidole. Wiki chache baada ya kurudi nyumbani nilipata ujumbe kutoka kwa ile programu ya tatu, uliokuwa umekaa siku zote hizo bila kufunguliwa: sauti yako iko tayari. Nilifikiria sana. Nikamwendea na simu, nikamweleza kwamba akiandika humu, itamsemea, kwa sauti yake ileile. Nilidhani nampa zawadi. Alichukua daftari lake la miraba, ambalo sasa huzungumzia, akaandika bila haraka, akanigeuzia.

Tulishamzika huyo. Usimwamshe.

Niliifuta mbele yake, naye akachungulia skrini mpaka akahakikisha. Kisha akaelekeza kidole kwenye laptopu, kwenye lile faili la kijivu. Hakuwahi kulisikia. Alitandika mkeka, akavua viatu, akajifunika leso, akakaa chini kwa kuegemea ukuta, pale pale walipokaa wale wanawake. Niliwasha. Sauti yake ilianzisha, ikataja jina la kwanza, ikaacha nafasi.

Mama alifungua mdomo akaitikia. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuwa mwitikiaji, daima ndiye aliyeanzisha, na sasa midomo yake ilifuata kiitikio neno kwa neno na hakuna kilichotoka. Aliendelea hivyo, jina baada ya jina, akisubiri zamu yake na kuitikia bila sauti. Lilipofika jina langu alinitazama. Nikakaa chini karibu naye, nikaitikia kwa niaba yetu sote wawili.